Mpaka Aliotembea Shemeji

Mpaka kati ya shamba letu na la shemeji, mdogo wake marehemu mume wangu, hauko sawa. Unaanza vizuri kwenye mkonge wa juu, ukifika katikati unaingia kwake kama tumbo la mtu aliyeshiba, halafu unarudi na kuishia kwenye mkonge wa chini. Tumbo hilo lilichorwa na maksai. Zamani kulikuwa na mgunga upande wa shemeji, na maksai mmoja wa mume wangu, mzee wangu, alipenda kile kivuli kupita kiasi. Kila msimu aliivuta plau kuelekea huko, na mzee wangu hakumrudisha kwa nguvu sana. Shemeji akilalamika, aliambiwa akaongee na ng'ombe.

Mgunga ulikatwa ukawa makaa. Maksai waliuzwa. Mwaka jana mzee wangu naye akaenda. Tumbo likabaki.

Kabla ya mvua hizi, shemeji alikodi trekta lile linalojiendesha, lilime mashamba yote mawili kwa pamoja ili tusichelewe kupanda ndengu. Aliniambia mapema, bila kuzunguka, kwamba safari hii mpaka utanyooshwa kutoka mkonge hadi mkonge. Nikamwambia sawa. Udongo ni wake, na sikuwahi kukataa hilo hata mzee wangu akiwa hai. Lakini moyo haukusema sawa. Sikutaka udongo wa mtu. Nilitaka lile tumbo, kwa sababu kazi nyingine za mikono ya mzee wangu zilikuwa zimeshapitiwa na mvua na mchwa.

Dereva alikuwa mwanamke kijana kutoka upande wa Githongo, kwenye miteremko mikali, ambako, alisema, trekta hili lingebiringika hadi mtoni na kahawa ya watu. Nilimpa chai jikoni, akanieleza kazi yake. Mstari wa kwanza, ule wa ukingoni, ndio wenye maneno. Ukishapimwa, mashine huunakili shamba zima, na yeye hashiki usukani ila wakati wa kugeuza. Kama ni wa kunyooka, hubonyeza skrini mwanzo na mwisho tu. Kama ukingo umepinda, huendesha kuufuata wote, na mashine huukumbuka wote.

Shemeji alitukuta tukitoka jikoni pamoja, akasimama.

"Umemnywesha chai," akaniambia.

"Na mkate."

"Basi habonyezi kitu bila mimi."

Dereva alimweleza kwamba alama mbili zingetosha. Shemeji akakataa. Kwetu mpaka huonyeshwa kwa miguu, mwenye shamba akitembea mbele na wengine wakifuata, na yeye hakuwa tayari kuukabidhi kwa kidole cha mtu aliyekunywa chai yangu. Yeye atatangulia, trekta limfuate, na mashine ishike pale alipokanyaga.

"Mzee, itanakili kila ulipokanyaga," dereva akamwambia.

"Ndiyo maana natembea mimi."

Akaondoka kwenye mkonge wa juu, kidevu juu, fimbo mkononi, macho kwenye mkonge wa chini. Trekta lilimfuata polepole. Mimi nilitembea pembeni, upande wangu. Alikwenda vizuri hadi karibu na pale mgunga ulipokuwa. Hapo miguu ikaanza kuingia kwake. Macho bado yalikuwa mbele, lakini miguu ilikuwa imefuata plau kwenye ukingo huo miaka mingi, yeye upande ule, kaka yake upande huu, na siku hiyo hakuna aliyeiambia kwamba mambo yamebadilika.

Ningeweza kunyamaza. Sikunyamaza.

"Shemeji, unapinda."

"Wewe tembea. Mpaka wa baba yangu utanifundisha wewe?"

Nikamwambia tena. Akajibu kwamba nimerithi uchokozi wa kaka yake, akaongeza mwendo. Nikaona nimeshatenda haki mara mbili, ya tatu si lazima. Dereva alinitazama kutoka juu. Mimi nikainama kutoa mwiba kwenye ndala, na kweli mwiba ulikuwepo.

Kwenye mkonge wa chini shemeji alijifuta jasho, akamwambia dereva aanze. Trekta likageuka, likaingia shamba lake, dereva akaachia usukani na kukunja mikono. Likaenda limenyooka, kisha likaingia tumbo taratibu, likatoka. Mstari uliofuata, vile vile. Dereva akasimamisha, akamuuliza shemeji kama afute wapime upya. Haikuwa kazi kubwa.

Nilikuwa nimefunga mikono ndani ya leso. Nilitamani kumwomba, lakini lile halikuwa langu la kuomba.

Shemeji aliitazama ile mitaro mibichi.

"Kaka, hata akiwa chini, bado ananichukulia udongo," akasema. Kisha akamgeukia dereva. "Acha. Maliza hivyo hivyo."

Akaniambia na mimi nisicheke. Nikamwambia sicheki, na kweli sikuwa nikicheka.

Ndengu zimeota sasa. Kwake na kwangu, kila mstari una tumbo pale katikati. Watu wanaokwenda sokoni Kiritiri husimama barabarani na kuuliza ni nani alikuwa amelewa, dereva au mashine. Wakimkuta shemeji, yeye huendelea kupalilia bila kuinua kichwa.

"Kwetu hulimwa hivi," huwaambia.