Kibao cha Mbuzi Kilichohamia kwa Bi Riziki

Mpaka leo nikisikia harufu ya mtama uliolazwa majini, ile harufu ya uchachu kidogo kama ya ukuta mbichi, narudi kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani wa nyumba yetu, nyuma ya Ndia Kuu. Nimekaa kitako juu ya sakafu ya chokaa, na watu wote wako hai. Niwataje, maana majina sijapoteza hata moja. Alikuwepo baba, Mohamedi bin Shee, aliyefanya kazi kwenye maghala ya Kilindini. Alikuwepo mamangu, Zainabu binti Athmani, mtu wa Siyu, aliyeletwa Mombasa kwa ndoa. Alikuwepo Nyanya, Mwanakombo binti Omari, mamake baba. Nyumba ilikuwa yake na jiko lilikuwa lake. Alikuwepo Ami Abudi, mdogo wake baba, kapera mwenye maneno mengi. Na ng'ambo ya kichochoro alikaa Bi Riziki binti Salimu, ambaye si ndugu yetu kwa damu, ila milango yetu ilitazamana na sahani zilivuka kila siku. Mimi, Aisha, ndiye niliyekuwa mtoto wa pekee wa nyumba ile. Nilikuwa nasoma chuoni, Kurani, na meno ya mbele yalikuwa hayajarudi. Shule ya kizungu sikuiona, kwa hiyo haya nayaandika kama ninavyoyasema.

Ilikuwa miaka ya vita vya pili vya dunia, mchele ukipatikana kwa kupimiwa, na unga wa mahindi ya manjano ukiletwa mjini watu wakiutazama kama mchanga. Mama alipata homa kubwa. Homa ikaondoka, tumbo likabaki. Kila alichokitia kinywani kilimchoma, na kisichomchoma hakikukaa. Alikuwa mwanamke wa kupandisha sinia la wali kutoka jikoni chini mpaka chumba cha juu, kwenye ile ngazi ya mwinuko, bila kugusa ukuta. Sasa alikuwa akipanda mikono mitupu na kupumzika katikati. Bangili zake za fedha, ambazo zamani zilimkaa vizuri kwenye kifundo cha mkono, ziliteremka mpaka kwenye kiwiko kila alipoinua mikono kujitanda mtandio. Nikamsikia baba akimwambia Nyanya kwamba amempelekea habari shemeji yake, Mjomba Kasimu, kule Siyu: kama mama hajapata nafuu mpaka mwisho wa Shaabani, aje amchukue akauguzwe kwa mamake. Mimi ningebaki. Hakuna aliyenieleza maana yake, lakini nilimjua Mwanaidi wa kichochoro cha pili. Mamake alipelekwa kwao Pate kuuguzwa, na Mwanaidi akaendelea kusukwa nywele na shangazi yake mpaka alipoolewa. Sikuhitaji kuelezwa.

Baba alikuwa amekwisha kumpeleka mama kwa Hakimu Gulamu, hakimu wa tiba si wa mahakama, Mhindi Mwislamu aliyekuwa na duka la dawa za mizizi na maua makavu pale Ndia Kuu. Hakimu alimshika mkono akausikiliza mshipa, akamtazama ulimi, kisha badala ya dawa akampa chakula. Alisema matumbo yamefanya vidonda, na kidonda hakiponi kikiwa kinaguswaguswa. Aache pilipili, achari, vya kukaanga, chai ya maziwa, samaki wa chumvi, na nazi. Ale uji mwepesi wa mtama uliolala majini, supu ya mifupa iliyochemka kutwa, boga na mchicha wa kuchemsha, na maziwa ya mgando kijiko kijiko, mpaka yeye hakimu aseme basi. Anayelijua jiko la Mombasa ataelewa tuliondolewa nini. Nyanya alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Amesahau kutukataza maji."

Nasema kutukataza, kwa sababu kwetu hakuna aliyekula peke yake. Wanaume walikuwa na sinia lao, wanawake na watoto lao, na mkono wako ulimega palipo mbele yako. Kumwekea mtu sahani yake pembeni kulikuwa ni kumtenga kama mwenye maradhi ya kuogopwa. Siku ya kwanza mama alijaribu kujitenga mwenyewe, akaenda na kibakuli chake dirishani. Baba akamwita kutoka kwenye sinia la wanaume.

"Zainabu, rudi kwa wenzako."

"Changu hiki hakiliki na watu."

"Basi tutakila sote mpaka kilike."

Hivyo ndivyo nyumba nzima ilivyoingia kwenye chakula cha mgonjwa, na hivyo ndivyo nyumba nzima ilivyougua. Ami Abudi alifunga kichwa kitambaa kwa kukosa chai. Nyanya tumbo lilifunga, mimi langu likafunguka, na choo kilikuwa kimoja. Ami akasema mgonjwa alikuwa mtu mmoja, hakimu amewaongeza wengine. Baada ya muda akaanza kurudi nyumbani hana njaa. Mdomo wake ulikuwa uking'aa mafuta, nami nilimwambia mbele ya watu, "Ami, wanukia vitumbua." Akanijibu bila kupepesa macho, "Ni upepo wa kwa Bi Riziki." Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Ilikuwa muda mrefu hajacheka.

Na alikuwa anapata nafuu kweli. Uji ulikuwa unakaa. Alilala mchana usingizi mzito, akaamka akitaka kula, jambo ambalo tulikuwa tumelisahau. Lakini palikuwa na suala la sahani. Sahani ya jirani kuirudisha tupu ilikuwa aibu, na Bi Riziki hakuacha kuleta mbaazi za nazi na mikate ya mofa. Nyanya, ambaye tui lake lilisifiwa mpaka Makadara, alikuwa hana cha kurudisha ila boga la kuchemsha. Bi Riziki aliligeuza geuza lile boga kwa kidole, akaniambia, "Aisha, kamuulize nyanyako, chungu chenu kimekaa eda?"

Nilifikisha ujumbe kama nilivyopewa. Nyanya alikuwa akichambua mchicha, akauweka chini. "Mwambie kikitoka eda hataalikwa." Lakini neno lile lilimwingia. Kesho yake alikiteremsha kibao cha mbuzi, akakaa juu yake, akakuna nazi, nami nikafurahi kusikia ule mkwaruzo ambao kiwanda kilikuwa kimeukosa. Akapika kichungu kidogo tu, cha kurudishia sahani. Sisi hatukuonjeshwa. Tangu siku hiyo kila sahani ilivuka na maharagwe ya tui zito, na heshima ikarudi.

Katikati ya Shaabani mama akaharibika tena. Tumbo lilirudi lilikokuwa na kupita hapo. Usiku alijikunja, asubuhi hakushuka, na bangili zikateremka tena kwenye kiwiko. Hakuna aliyejua sababu. Hakuwa amegusa pilipili, hakuwa amegusa chai. Mimi mwenyewe nilikula naye sinia moja na nilikuwa namlinda kwa macho. Baba aliingia chumbani. Alilitoa uvunguni lile sanduku la mninga alilokuja nalo mama kutoka Siyu, akalifungua kifuniko na kuliweka juani kiwandani ili litoke uvundo. Nilirudi chuoni nikalikuta. Nilikaa karibu nalo mpaka jua likazunguka.

Nyanya naye aliliona. Akavaa buibui, akanishika mkono, tukatoka. Alikuwa mtu wa kutuma watu kwa niaba yake. Sikuwahi kumwona akienda dukani mwenyewe mchana. Hakimu Gulamu aliinuka alipomwona.

"Masalkheri, hakimu. Chakula chako kinamuua mkazamwanangu."

"Masalkheri, mama. Keti kwanza." Alimvutia kiti, akaanza kumuuliza vyakula kimoja kimoja, kwa utaratibu ule ule alioviharamishia.

"Pilipili?"

"Sijaisaga tangu useme."

"Nazi?"

"Haijaingia chunguni mwake."

"Uji wa mtama, waupika na nini?"

"Na maji ya machicha."

Hakimu alikuwa akitwanga kitu kwenye kinu cha shaba, akaacha. Nyanya akamweleza kama anavyoelezwa mtu mgeni wa jikoni, kwamba nazi ikishakamuliwa tui la kwanza na la pili, yale machicha yanayobaki hutiwa maji tena yakasuuzwa, na yale maji si tui. Tui alikuwa amekula Bi Riziki. Yale ni maji tu, ya kuupa uji ladha kidogo, mtoto wa watu asile kama mfungwa. Na Mombasa nzima wakati ule ungemuuliza mwanamke yeyote angekwambia hivyo hivyo. Tui ni tui. Yanayofuata ni maji ya kupikia.

"Maji hayo, mama, yana rangi gani?"

Nyanya alivuta pindo la buibui. "Meupe," akasema. "Meupe kidogo."

"Kidogo," hakimu akarudia, taratibu, na hakucheka. "Kwa tumbo lake huyo binti, kidogo bado ni nyingi."

Njia nzima ya kurudi Nyanya alinivuta mkono. Tulipofika aliingia kiwandani, akalipita lile sanduku, akakichukua kibao cha mbuzi. Alikikung'uta, akalifuta lile jino lake la chuma kwa pindo la leso, akavuka nacho kichochoro. Bi Riziki alikuwa mlangoni.

"Leo sahani yangu yarudi juu ya kibao?"

"Sahani sina. Nimeleta kibao. Kikiwa kwangu mkono utakwenda wenyewe." Nyanya alikuwa akitazama chini, jambo ambalo hakuwa akilifanya mbele ya mtu. "Kikae kwako mpaka nije nikitake. Na sahani zako zitarudi na boga, Riziki. Ukitaka kusema, sema."

Nilingoja neno, kwa sababu Bi Riziki hakuwa mtu wa kukosa neno. Alikipokea kile kibao kwa mikono miwili, akaenda kukiweka chini ya kitanda chake. Aliporudi akasema, "Boga si kitu kibaya. Na zangu zitakuja na boga." Na zikaja. Mpaka Shaabani inamalizika nyumba mbili zilikuwa zikibadilishana boga la kuchemsha juu ya sahani za maua, kila upande ukiusifu upande wa pili kwa kujua kulikata.

Mjomba Kasimu alifika akiwa na kikapu cha dagaa wakavu na wasiwasi usoni. Aliketishwa chumba cha juu pamoja na baba na Ami Abudi. Sanduku lilikuwa karibu na mlango, limefungwa kamba. Mimi nilisimama juu ya ngazi. Nikasikia kitu kinapanda kutoka chini, polepole, na kila kidato bangili zinagongana. Zilikuwa zinagongana kwenye kifundo. Mama alitokeza na sinia la supu ya mifupa na ndizi za kuchemsha, jasho limemtoka, hakugusa ukuta. Alipumzika mara moja katikati. Nalisema hilo kwa sababu ni kweli.

Mjomba alimwamkia kwa haraka bila kumtazama usoni, akawageukia wanaume. "Haya, mgonjwa yuko wapi nimwone?"

"Ndiye huyo amekutengea," akasema Ami Abudi. "Nawa mikono. Usitarajie pilipili."

Mjomba alikaa kwetu siku chache, akala boga, akalalamika, akaondoka peke yake. Sanduku likarudi uvunguni, na kamba yake nikapewa mimi niruke.

Mama hakupona siku hiyo moja. Ndani ya Ramadhani tumbo lilimrudi tena, na baada ya Idi pia, lakini kila mara lilirudi likiwa dogo na likaondoka mapema, na hakuna aliyeligusa sanduku. Msimu wa maembe ulipofika hakimu alimruhusu nazi. Aanze na nyepesi kabisa, akasema, maji yale ya machicha. Nyanya alivuka kwenda kuchukua kibao chake, na kichochoro kizima kilimsikia akisema, "Si niliwaambia ni maji tu." Mamangu aliishi mpaka akawaona wajukuu zangu.

Sasa mmoja wa wajukuu hao, Maryamu, anakaa mtaa wa Buxton, hapa hapa Mombasa, na ana vidonda vya tumbo. Sina haja ya kuidharau dunia ya leo. Madaktari wamempitisha mrija wakakiona kidonda kwa macho, wakati Hakimu Gulamu alikisikiliza kwenye mshipa wa mkono. Mama angekuwa na dawa hizi asingeteseka vile. Mtama unauzwa kwenye pakiti nzuri, na simu inamwambia Maryamu ale nini na aache nini, na ni vitu vile vile. Anavipanga kwenye vikopo vyenye vifuniko. Mumewe anakula chake akirudi, watoto wanakula chao, yeye anakula vikopo vyake, na kila baada ya muda anavunjika moyo na kuacha. Nilimuuliza, "Wala na nani?" Akacheka. "Na simu, Nyanya."

Kwa hiyo sasa mchana anakuja kwangu, na mumewe akiwa na nafasi anakuja naye, na watoto wakitoka shule wanatukuta. Sinia ni moja. Kibao changu cha mbuzi nimempelekea jirani yangu Mama Mutua, Mkristo kutoka Ukambani, mumewe alikuwa mtu wa reli. Aliniuliza akifanyie nini. Nikamwambia kiweke tu, nikija kukiomba kabla ya wakati uninyime. Mwezi uliopita Maryamu alikwenda harusini akala biriani, tukaanza upya. Leo amemaliza uji wake na kuuliza kama umebaki.

Na kama yuko aliyebaki wa kichochoro kile, mtoto au mjukuu wa Bi Riziki binti Salimu, akaona hapa jina nimelikosea, au nimemtia mtu kinywani neno ambalo hakulisema, aje anisahihishe, sitaona vibaya. Aje mchana. Boga lipo.