Punje za Ubongo wa Binti Yangu

Binti yangu alizaliwa na kichwa kidogo, na kikakataa kukua. Mama mkwe wangu pale Ikonge hakumung'unya maneno: ni damu chafu niliyoleta kutoka kwetu ziwani. Aliyasema kwa Kikisii, maana Kiswahili hakijui. Kila Sabato tukitoka kanisani, wimbo ulikuwa huo huo, nami nawapakulia yeye na mume wangu ugali na mboga za managu.

Watafiti kutoka Nairobi walitukuta kliniki mjini Kisii, wakaomba kipande cha ngozi ya mtoto, kidogo kuliko ukucha wake. Wangezirudisha seli zake utotoni, ziwe seli shina zinazoweza kugeuka kiungo chochote, kisha wazilee maabarani ziwe punje za ubongo, waone ubongo wake ulikwamia wapi akiwa tumboni mwangu. Nilikubali upesi. Nilitaka kujua kosa langu.

Majuzi mtafiti mmoja, mama mpole, alinionyesha picha kwenye simu: punje mbili, moja kama ndengu, nyingine kama njegere.

"Zote ni za mtoto wako," akasema. "Hii kubwa tuliirekebisha kasoro ya jeni moja. Haiwazi, haisikii maumivu, lakini imekua. Hii ndogo hatukuigusa. Seli zake ziliacha kugawanyika mapema mno. Na kasoro hiyo mtoto huirithi kwa baba na kwa mama. Ya mmoja peke yake haitoshi."

Nililia pale pale. Naye akashangaa. "Kwani baba mtoto hakukwambia? Tulimpigia zamani, yeye ndiye mwenye boma."

Mwenye boma! Tumbo langu, mgongo wangu, matusi yangu, halafu habari apewe mwenye boma! Naye akaikalia, Sabato baada ya Sabato, akimega ugali huku mama yake akinisimanga. Mwanamume mzima, mzee wa kanisa! Nilirudi nyumbani na hasira yangu.

Sabato iliyofuata mama mkwe alianza tena. Niliweka mwiko chini.

"Baba watoto, sema ulichoambiwa na wale watafiti."

Aliinamia sahani, akajibu kwa Kiswahili, sauti ya chini: "Walisema imetoka kwetu sisi wote wawili. Si wewe peke yako."

Mama yake alitutazama, mmoja baada ya mwingine, akingoja kuelezwa.

"Mimi nilishaambiwa," nikamjibu. "Sema kwa Kikisii, mama asikie."