Mashine Iliyopumua Mara Mbili

Kwenye gereji ya matairi iliyo mkabala na stoo ya saruji, hakuna aliyemwita mwanamke yule kwa jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa Mama Upepo, mjane wa Mzee Upepo, na anayebisha awaulize madereva wa malori. Ukimpa mkono wa salamu, vidole vyako vilirudi vinalia.

Basi mama huyo, asiyeogopa dereva wala tairi, aliogopa kona moja ya gereji yake mwenyewe.

Konani ndipo ilipokaa mashine ya upepo ya marehemu. Ilikuwa na vichwa viwili juu ya tangi, kimoja kikubwa na kimoja kidogo. Kikubwa huvuta hewa ya nje na kuibana mara ya kwanza. Hewa hutoka humo ikichemka, ikapita kwenye bomba lenye mapezi ili ipoe, ndipo kichwa kidogo kinapoipokea na kuibana tena. Kwa hiyo ikifanya kazi ilipumua mara mbili, pumzi nene kisha nyembamba, kama mzee aliyelala chali na mjukuu wake pembeni.

Tangu msiba haikuwashwa. Marehemu alikuwa na mwiko wake: asubuhi hasalimii mtu, hata awe mkwe, mpaka ainame chini ya tangi, afungue koki na kumwaga maji. Hewa ikibanwa hutoa jasho, alikuwa akisema, na jasho likilala tangini chuma huoza kimyakimya, mpaka siku tangi lipasuke na wewe uko karibu. Mama Upepo hakuinama hata asubuhi moja. Kwanza alizuiwa na kilio, baadaye na woga. Lakini kila alipofungua mlango alikuta sakafu chini ya tangi imelowa.

"Paka huyo," alisema shemeji yake, mdogo wake marehemu, mtu wa maneno mengi na soli nyembamba.

"Paka gani anakojoa maji yenye kutu?"

"Paka mzee."

Shemeji ndiye aliyeleta mashine mpya, inang'aa rangi ya chungwa kama bibi harusi. "Vichwa viwili, shemeji! Kama ile ya kaka! Ile takataka tuwape watu wa chuma chakavu."

Hapo ndipo ujanja ulipomtupa mkono. Vichwa vya mashine yake vilikuwa mapacha, vipana sawasawa. Mapacha hawapokezani kitu: kila kimoja huvuta hewa ya nje, huibana mara moja tu, huitupa tangini ikiwa moto. Hata vingekuwa kumi, hiyo ni mashine ya kubana mara moja. Kwa tairi la pikipiki au gari dogo inatosha kabisa, wala usiitukane. Ila tairi la lori lataka presha kubwa kutwa nzima, na hapo mapacha huhema tu.

Mchana ule lori la saruji liliingia likichechemea. Dereva alishuka na kifua mbele. "Mama, bosi kasema hivi: leo mkishindwa tena, malori yote ya stoo yanahamia kituo cha mafuta."

Bila malori ya stoo hakukuwa na gereji; Mama Upepo alilijua hilo kuliko alivyokijua kiganja chake. Akaunganisha mpira wa upepo kwenye tairi. Mapacha wakanguruma, wakapiga kelele, wakapata moto mpaka rangi ikanuka. Mshale wa presha ukapanda, ukasita, ukagoma.

"Tairi hili linajazwa au linabembelezwa?" aliuliza dereva.

Kabla shemeji hajajibu, mashine mpya ilikohoa na kuzima. Gereji ikawa kimya hadi nzi wakasikika.

Na kutoka konani: *Puuuh.* Kisha, nyembamba: *pih.*

Mkanda wa mashine ya zamani ulikuwa umetulia. Utando wa buibui kwenye gurudumu lake haukutikisika.

"Nani kalala humo?" dereva alinong'ona.

"Ni chuma... kinapoa," alisema shemeji, tayari yuko mlangoni.

"Kinapoa kutokana na nini?" Mama Upepo alimgeukia. "Kimewashwa na nani tangu tumzike kaka yako?"

*Puuuh. Pih.*

Alichukua nyundo, akaenda. Miguu haikutaka, akaiburuta. Aligonga tangi taratibu, mahali baada ya mahali. Lililooza hujibu kama kopo. Hili lilijibu kama kengele. Akainama, akashika koki. Alitegemea kutu, lakini ilizunguka laini, imepakwa grisi mpya. Halikutoka hata tone. Juu yake palining'inia kitambaa cha marehemu, kile cha kufutia mikono. Kilikuwa kibichi.

Alifunga koki. "Kama ni wewe," alisema kwa sauti ya chini, "usiniaibishe mbele ya mteja."

Akahamishia mpira kwenye tangi lile, akabonyeza swichi.

Utando ulichanika, gurudumu likazunguka, na pumzi zikapokezana, nene na nyembamba. Mshale ulipanda bila kusita. Tairi la lori likainuka kama mtu anayeamshwa, na dereva akaondoka bila mzaha wowote mdomoni.

Kesho yake asubuhi shemeji alimkuta amesimama mbele ya mashine, ametazama chini. Sakafu ilikuwa kavu, kavu kabisa, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Umeamkaje, shemeji?"

Hakujibu. Alipiga magoti, akafungua koki. Maji ya kutu yakamwagika juu ya vidole vyake. Mashine ilikuwa imelala usiku kucha na chuma kilikuwa baridi, lakini maji yale yalikuwa na uvuguvugu, kama kiganja kilichotoka sasa hivi kuachia kiganja kingine.

Aliyaacha yaishe. Akafunga koki, akafuta mikono kwa kitambaa, sasa kikavu.

"Nimeamka salama, shemeji," alisema. "Lete mpira."