Kachungu ka Peke Yake

Mjukuu wangu Moniki ana tabia ya kutikisa mkebe wa chumvi kabla ya kuufungua. Chaka-chaka, chaka-chaka. Mimi hapo mgongo unapata baridi, hata kama nimekaa karibu na mbabula iliyojaa makaa mekundu. Yeye anadhani ni uzee. Namwacha adhani. Mimi ni kambo, bibi wa wajukuu kumi na wawili, nusu yao wamelelewa kwa mikono hii hii, na kambo si lazima aeleze kila baridi ya mgongo wake. Lakini ninyi nitawaambia.

Mama yangu alikuwa mnene, na sisemi kwa haya. Akipita, ardhi ilijua. Kitenge kilichowazunguka wanawake wengine mara mbili kilimzunguka yeye mara moja tu, nacho kilifika kimechoka. Mji wetu wa Kamina, wakati ule, unene wa mke ulikuwa sifa ya mume. Baba alikuwa fundi wa gari la moshi, na watu walipomwona mama sokoni walisema: yule mwanaume anajua njia ya nyumbani.

Halafu kichwa kikaanza kumuuma. Akipanda kilima kidogo cha kwenda misheni alisimama mara tatu, anashika kiuno, anajifanya kusalimia watu. Sista wa zahanati alimfunga mkono kwa kile kitambaa chake cha kupulizwa, akatikisa kichwa. Damu inapanda, alisema. Punguza mwili. Chumvi acha, mafuta kidogo sana, ugali wa bukari kama ngumi yako, majani mengi, na kila siku utembee. Nyumbani hatukuwa na mizani, kwa hiyo Sista alimwambia achukue kamba, ajipime kiuno, afunge fundo pale inapofika. Kila Jumapili baada ya misa mama alijifungia chumbani na kamba ile. Alipotoka, mimi nilitazama fundo kabla ya kutazama uso wake.

Kutembea njo kulileta kicheko cha kwanza. Kwetu mwanamke hatembei bure. Anakwenda shamba, anakwenda maji, anakwenda kilio. Mama alipita asubuhi kandokando ya reli, mikono mitupu, na majirani wakasimama milangoni.

"Mama Ngoie, unaenda wapi?"

"Minyi naenda tu kutembea."

"Kutembea! Na bwana yako anajua?"

Siku ya tatu alibeba beseni kichwani. Ndani hamkuwa na kitu. Alikwenda nalo tupu mpaka mwisho wa nyumba za reli, akarudi nalo tupu, na hakuna aliyemuuliza tena. Tulicheka sana mimi na yeye. Mama alisema: "Bantu banaheshimia beseni kuliko kichwa."

Lakini kachungu hakakuchekesha. Sisi tulikula bakuli moja la mboga na mlima mmoja wa bukari, mikono yote inakutana. Sasa mama akawa na kachungu kake kadogo, majani ya lengalenga bila chumvi, bila mafuta, kamefunikwa na kisahani. Mtu anayejipikia peke yake katika nyumba ya watu, kwetu wanamwitaje? Hata wasiposema, wanasema. Wasichana wa kwenye bomba la maji walinizunguka: "Ngoie, mama yako anafichaka nyama! Anakulaka na nani mule ndani?" Nilimpiga mmoja kwa ndoo. Nilirudi na maji nusu.

Halafu shangazi, dada ya baba, akafika kutoka Kabongo na damejani la mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese. Alikuta mama amepungua, kitenge kinazunguka mara moja na nusu. Alikaa chini kama mtu aliyefika matangani.

"Muke ya ndugu yangu, nani anakukula?"

"Hakuna muntu ananikula. Njo dawa."

"Dawa gani ya kukausha muntu? Bantu batasema ndugu yangu hakulishake. Ao batasema uko mulozi, muchawi, na kachungu yako ile."

Shangazi akanivuta kando, mikono yake inanuka ngazi, akaniambia polepole: "Mutoto, muntu hakulake munyu, hii chumvi, damu yake inakuwa maji. Utamuzika mama yako." Hakuwa mbaya. Alikuwa analia. Njo maana nilimwamini.

Nilikuwa na miaka tisa, na ule ulikuwa mwaka wa kufundishwa mapishi. Kwetu msichana anapoanza kupika mwenyewe, mama yake hukaa na kula chakula hicho mpaka kiishe. Kimeungua, anakula. Kina mchanga, anakula. Haruhusiwi kusema neno baya, kwa sababu atapoza mkono wa mtoto, na mkono uliopozwa hautalisha nyumba hata siku moja. Mama alinipa kachungu kake kawe shule yangu. Alisema kanafaa: hakuna chumvi ya kukosea.

Kesho yake shangazi alikuwa bado amelala. Nilichukua mkebe wa chumvi, nikautikisa kusikia kama ndani kuna kitu, chaka-chaka. Nikatia ya vidole vitatu katika kachungu. Nikaonja. Nikatia tena.

Mama alikata tonge, akachovya, akaweka mdomoni. Akaacha kutafuna. Mimi nilitazama mdomo wake tu. Alinitazama muda mrefu, akameza, akachovya tena.

"Leo mboga iko muzuri," alisema. Akaomba bukari nyingine.

Mnajua nilivyofurahi? Nilikwenda bomba la maji kama bibi harusi. Kila siku vidole vitatu, kisha vinne. Mboga ikiwa tamu, bukari inaitwa, na mama akarudia kula kama zamani. Jumapili fundo halikusogea. Jumapili nyingine lilirudi nyuma, kiuno kimeongezeka. Mimi nilimshukuru Mungu.

Tuliporudi zahanati Sista alipima mara mbili. Akauliza kwa ukali: unakula chumvi? Mimi nilikuwa nimesimama pale, nimeshika kitenge cha mama. Mama akaweka kiganja chake juu ya kichwa changu.

"Mutoto wangu njo ananipikia," alisema.



Asubuhi alipoanguka tulisikia beseni kwanza. Beseni tupu likianguka juu ya mawe ya reli linalia kama kengele ya kanisa, na watu wote wakatoka. Alikuwa amelala upande, jicho moja limefunguka, mdomo umevutwa kama kitambaa kilichoshonwa vibaya. Wanaume wanne walimbeba. Hakuna aliyezungumzia sifa ya mume siku ile.

Aliishi mpaka mahindi yakakauka. Upande mmoja wa mwili ulikuwa wake, mwingine ulikuwa mgeni. Kusema hakuweza. Mimi njo nilimlisha. Sista alikuja mwenyewe nyumbani, akachukua mkebe wa chumvi akaupeleka kwa jirani, na siku ile nikapika lengalenga maji matupu. Nikampa kijiko cha kwanza. Mama alionja. Akanitazama, muda mrefu, kama ile siku ya kwanza. Halafu akacheka kwa nusu ya uso.

Kicheko kile nimekibeba zaidi ya beseni lolote. Kwa sababu pale njo nilijua kwamba alijua. Ulimi wa mtu mzima hauonji chumvi miezi mizima bila kuitambua. Alijua tangu tonge la kwanza. Sijui kama alikula ili asipoze mkono wangu, ao kama chumvi ilikuwa imemshinda naye akapata njia ya kuila bila kuiomba. Ao alichoka tu kukaa peke yake na kachungu kale. Nimemuuliza mara nyingi. Wafu wana kiburi, hawajibu.

Mimi mwenyewe sasa nina tansio, damu ile ile ya kupanda, na mwili wa mama nimeurithi wote. Daktari alipotoa orodha yake, sikusikia jipya hata moja. Lakini nyumbani kwangu sikukubali kachungu ka peke yake. Nilisema: bakuli moja, chumvi kidogo kwa wote, mafuta kijiko, majani mengi, na anayekula hapa anatembea na mimi asubuhi mpaka reli, mikono mitupu. Wanangu walinung'unika. Mkubwa alisema: "Mama, hii mboga iko sawa maji ya mto." Nikamwambia: "Lualaba iko Bukama, enda kunywa kule."

Mwezi uliopita Moniki, ambaye ameanza tu kupika, alinipakulia. Nilikata tonge, nikachovya, nikaweka mdomoni. Chumvi. Wajomba wake walikuwa wamemwomba, na pia, alisema baadaye, aliona nimekonda akaogopa. Nilipoinua macho alikuwa anatazama mdomo wangu tu.

Niliweka tonge chini. Nawaambieni kweli. Tangu nizaliwe sikuwahi kukataa chakula cha mtoto.

"Moniki," nilisema, "umetia chumvi mingi. Sikule hii."

Alilia. Alikaa nyuma ya nyumba mpaka jua likageuka. Mimi nilikaa na bakuli mbele yangu, nikingoja kuona kama nimeupoza mkono wake.

Kesho yake asubuhi Moniki aliwasha mbabula, nikasikia mkebe. Chaka-chaka. Baridi ikapanda mgongoni. Kisha nikasikia anaurudisha juu ya kabati, bila kuufungua.