Jumla ya Namba Tano

Namba tano tu. Kumi na mbili, saba, thelathini, nne, tisa. Zipange kwenye visanduku, zijumlishe kwa lugha ya C, uonyeshe jibu. Mama yangu, anayepima karanga soko la Busia tangu sijazaliwa, angekwambia ni sitini na mbili bila kushika kalamu.

Kompyuta ikaniambia elfu thelathini na mbili, mia nane ishirini na tisa.

Nilikuwa Tororo, kwenye mtihani wa kuingia kozi ya kompyuta. Swali moja, saa moja. Mwaka ujao ningekuwa nimepita umri wa kupokelewa. Nikianguka, basi tena. Nikabonyeza upya. Jibu lile lile, jeuri kama nini. Nikafuta mabano, nikayarudisha, nikaongeza mistari isiyo na kazi. Nilitaka kulia, na sikuona hata aibu.

Muda ukaisha. Msimamizi, kijana niliyemzidi miaka kumi hivi, akainama kwenye skrini akauliza kwa upole mbona nimesoma namba sita badala ya tano.

"Sifuri mpaka tano," nikasema. "Ni tano."

Akanihesabia kwa vidole: sifuri, moja, mbili, tatu, nne, tano. Kompyuta huanza na sifuri, na hiyo sifuri ni kisanduku kamili. Kile cha sita hakikuwa changu, akasema. Mashine ilikuta takataka imelala pale, ikaijumlisha na zangu.

Ndipo nikaona. Sokoni kwetu ukitaka gorogoro tano, yale makopo ya kupimia, tunapima tano kwa sauti, kisha tunakutupia konzi moja ya nyongeza, na hiyo haihesabiwi. Ile sifuri mimi niliiweka kwenye nyongeza. Nani anahesabu sifuri? Nilitaka kumweleza, lakini jina langu alishalikata kwenye orodha.

Nikarudi Busia mchana ule ule. Mama alikuwa anampimia mteja wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya. Akauliza nimekosa wapi. Nikamwambia nilizidisha moja.

Akachota konzi, akaimwaga kwenye mfuko wa yule mteja. "Sasa mwanangu, mtu anafukuzwa juu ya kuzidisha?"

Nikachukua gorogoro, nikampimia aliyefuata. Nikafika tano kwa sauti, na mkono ukarudi wenyewe kwenye gunia.