Pepo Mchafu Analipiwa Ngapi

Yule msichana wa maswali alikuja mchana, mama mkwe wangu akichambua majani ya sombe barazani na mimi nikiwa kwenye cherehani. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kutoka Kinshasa, akizunguka na karatasi za utafiti. Kifaransa chake kiliteleza vizuri, lakini Kiswahili alikuwa amekiokota njiani tu. Hewa ya kuvuta puani sisi hapa Likasi tunaiita mupepe. Yeye akasema pepo.

"Bamama, muko tayari kulipa ngapi kila mwezi, ili pepo muchafu itoke mu nyumba yenu?"

Mama mkwe aliacha majani yake.

"Nani alikuambia huku kuko pepo? Hii nyumba padiri alibariki! Siye tuko bakatolika, weye mwana. Yezu anafukuzaka bapepo bure. Enda kwa bale bapasta bako banakamataka falanga!"

Nilicheka hadi uzi ukakatika sindanoni. Msichana wa watu alisimama pale, karatasi zimemganda kifuani, hajui amekosea wapi. Ikabidi niingilie.

"Mama, anasema mupepe. Moshi. Vumbi."

"Kumbe mupepe? Na mupepe nayo banauzisha sasa? Mawee!"

Basi msichana akanigeukia mimi na swali lile lile, na kicheko kikanikauka. Binti yangu wa miaka minane alikuwa na mwezi mzima Kapolowe, kwa mama yangu mzazi. Hapa mtaani kwetu Panda, upepo ukigeuka kutoka upande wa viwanda, kifua chake kinaanza kupiga filimbi. Ongeza vumbi la malori ya madini. Ongeza mbabula za makala, majiko ya mkaa, za mtaa mzima, na yangu ikiwemo, sitajitoa. Muuguzi alisema tumwondoe kwanza mtoto apumue. Mama mkwe akakataa katakata, ati mtoto wa mwanawe hawezi kukulia kwenye ukoo mwingine. Tulivutana wiki nzima. Mwisho tukaelewana: likizo tu, shule zikifunguliwa anarudi. Nami nilikuwa nahesabu siku. Hata sketi yake ya shule, ile ya bluu, ndiyo iliyokuwa chini ya sindano mchana ule.

"Mama, ungetoa ngapi?" msichana akarudia.

Hasira ilinipanda, nami si mtu wa kumeza hasira. Nikamwambia bwawa la Koni liko hapo karibu linazalisha umeme, lakini nyaya zinatupita juu ya kichwa. Resho yangu, jiko la umeme, imegeuka meza ya vikombe, napika kwa makala. Nikamuuliza, je, wenye kuchafua nao amewapelekea karatasi yake, wamesema watalipa ngapi?

"Hapana, mama. Hiyo swali haiko hapa."

Nilimpenda hapo, kwa kuwa hakunidanganya. Akaniomba nitaje kiasi chochote, hata kidogo. Nikajaribu kufikiri kwa haki. Cherehani ningeiuza, Mungu ananiona. Lakini ningemlipa nani? Mupepe hauna mlango wa kufunga. Nikilipa mimi na jirani asilipe, tutavuta ule ule.

"Andika kama nimekwisha kulipa," nikamwambia.

"Ulilipa nini, mama?"

"Mutoto. Eko Kapolowe, na minye niko hapa."

Alipeleka kalamu juu, akaishusha chini, akageuza karatasi. Hapakuwa na nafasi ya kuandika jibu la namna hiyo. Akainama kidogo, akasema pole, na pole yake haikuwa na kosa lolote la lugha. Alipoaga, mama mkwe alimtilia karanga za kukaanga kiganjani, maana kuomba radhi kwa mdomo yule mama hawezi.

Jioni nikapiga simu Kapolowe. Tulikuwa na desturi yetu, mimi na binti yangu: kabla ya salamu namwambia, "Pumua nisikie." Anaweka simu mdomoni, anavuta, anatoa. Siku hiyo alikuwa ametoka kukimbizana na binamu zake, nami nikajua leo filimbi lazima italia.

Akavuta. Akatoa. Nikamwambia arudie. Kifua kilikuwa kimya kabisa, ila kicheko chake tu.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini raha yake nayo inaweza kukuchoma. Nilifurahi hadi machozi yakanitoka, na katikati ya furaha nikaelewa kwamba kumrudisha hapa ni kumrudishia filimbi.

"Mama, ntarudia kwetu lini?"

"Ntakuambia kesho," nikajibu, na nilikuwa namdanganya.

Nilipokata simu, mama mkwe alikuwa nyuma yangu, amesikia yote. Nikajiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa na maneno tayari, makali, ya mwezi mzima.

"Ule mwana wa Kinshasa hakukosea," akasema. "Ni pepo muchafu. Inafukuzaka batoto mu nyumba."

Nikaweka simu juu ya cherehani.

"Abakie kule," akasema. "Abakie, asome kule kule." Akajifuta macho kwa pindo la kikwembe chake, akaenda kuwasha mbabula, maana lazima tule.

Nikarudi kwenye cherehani. Sare ya shule ni ile ile, uwe Panda au Kapolowe, kwa hiyo sketi haikuwa na haja ya kubadilishwa. Kesho yake kulikuwa na jirani anayesafiri kwenda huko, angeibeba. Nilikuwa nimeikunja upindo wa vidole viwili tu, kwa kuwa kila mtoto akirefuka mimi ningekuwepo kumshonea nyingine. Nikaufumua. Nikakunja mwingine mpana, wa kiganja kizima, ili mama yangu awe na kitambaa cha kushusha.