Firigisi ya Aliyefunga

Ulikuwa mwaka wa ugali wa manjano. Kama ulikuwa umezaliwa upande wetu wa Mayoni unaukumbuka, na kama hukuwa umezaliwa, muulize mama yako aliupikaje. Mahindi yalitoka ng'ambo kwa magunia, yakanuka gunia, na ugali wake ulikuwa na rangi ya kiini cha yai bila utamu wa yai. Tuliulanga na mboga ya mrenda ndio uteleze, maana bila mrenda ulisimama kooni kama mgeni aliyekataa kukaa. Miwa ilikuwa kila mahali, mpaka karibu na mlango wa jikoni, lakini miwa si chakula. Unatafuna, unatema, njaa inabaki pale pale inakuangalia.

Nimeukumbuka mwaka huo kwa sababu ya Jumamosi iliyopita. Mwalimu wa michezo alileta timu ya wasichana kula kwangu, kwa vile mjukuu wangu ni mshambuliaji wa hiyo timu. Aliniomba kitu kimoja kidogo, nikakataa, na watu wakaondoka wakisema mama huyu ni mkali bure. Mimi ni mkali, hiyo siwezi kukana. Bure, hapana.

Kwetu kuku hana nyama zinazolingana. Kuna paja, kuna mgongo, kuna shingo na miguu ya watoto kufyonza. Halafu kuna firigisi. Firigisi ni moja, na inamwendea yule mwenye heshima ya siku hiyo. Ukiiona kwa sahani ya mtu huulizi tena yeye ni nani. Mwanamke haionji. Nimezipasua na kuzitoa mchanga nyingi sana kabla sijajua firigisi ina ladha gani.

Timu ya kijiji ilichezanga Jumapili baada ya kanisa, kwenye uwanja wa kupakia miwa. Trekta zilikuwa zimeukanyaga mpaka ukawa mgumu kama sahani, na mtu akianguka hapo goti linaacha ngozi. Timu mbili zilichangia jogoo mmoja. Walioshinda walimleta kwa nyanya yangu, kwa sababu ndiye alikuwa na sufuria kubwa na ndiye hakuibia watu mchuzi. Mwaka ule wa njaa, hata harufu ya huyo jogoo ilikuwa chakula. Watu walikuja na ugali wao wa manjano umefungwa kwa jani la ndizi, wakaketi upande ambao moshi unaendea.

Washambuliaji wetu walikuwa wawili. Mmoja alikuwa kaka yangu mkubwa, mwingine kijana wa jirani. Kijana wa jirani alisimama karibu na goli kama paka karibu na kibuyu cha maziwa. Hakurudi nyuma, hakukaba mtu, shati lake lilitoka uwanjani kavu. Lakini mpira ukifika mguuni pake, umeingia. Sitamnyima haki yake, alijua kufunga. Kaka yangu alikuwa wa kukimbia. Alinyang'anya mpira kule nyuma kwa walinzi, akapita na watu watatu wamemning'inia, akafika mbele pumzi zimeisha, akamsukumia mwenzake. Mwenzake akagusa. Uwanja mzima ukaimba jina la aliyegusa.

Nilimuuliza nyanya kwa nini inakuwanga hivyo. Alikuwa anapepeta, hakuinua kichwa. Akasema, "Mchota maji hashukuriwi, mgeni humshukuru mpishi." Nilidhani ananifundisha kupika.

Basi ikasikika kwamba kuna bwana wa kiwanda cha sukari anatoka Mumias kuja kuona mechi yetu. Timu yao ilitaka mshambuliaji, mmoja tu, na ukichukuliwa kucheza unapewa na kazi ndani ya kiwanda. Wewe wa siku hizi utaona ni kazi tu. Mwaka wa ugali wa manjano, ile ilikuwa ghala. Baba yetu alikuwa amekufa, mama alikuwa mgonjwa wa kifua, na kaka yangu alikata miwa ya watu tangu sauti yake haijavunjika. Mgongo wake ulikuwa umeanza kulalamika. Usiku wa kuamkia mechi mama alimpakulia ugali wake mwenyewe, akasema yeye ameshiba.

Alicheza siku hiyo kama mtu anayefukuzwa. Nilikaa mstari wa mbele na wasichana wenzangu, na mara mbili nikamwona ameinama, mikono kwa magoti, anatapika maji matupu, kisha anainuka na kukimbia tena. Tulishinda mbili kwa moja. Magoli yote mawili yalitoka mguuni pake, na yote mawili yaliguswa na kijana wa jirani.

Bwana wa kiwanda hakuona hata moja. Mnyororo wa baiskeli ulimkatikia njiani, akaja kwa miguu, akafika watu wameshakaa kwa nyanya wanangoja sufuria.

Sasa nisikilize hapa, kwa maana hapa ndipo nilipo mpaka leo. Nyanya aliopoa firigisi, akaiweka kwenye sahani ya bati, akanipa mimi. Nilikuwa na miaka kumi hivi. Nikauliza nimpelekee nani. Akasema, "Aliyefunga. Si unajua?"

Nilijua. Kutoka jikoni hadi kwa kijana wa jirani nilipaswa kupita mbele ya kaka yangu, aliyekuwa ameshika birika na karai anawanawisha watu mikono. Nikamfikia. Nikasimama na ile sahani, mvuke wake unanipiga usoni. Kama ningeinama kidogo tu na kuiweka mkononi mwake, sidhani kama mtu angeinuka kunipiga. Kaka yangu aliitazama firigisi, akanitazama mimi, akasema polepole, "Pita."

Nikapita.

Bwana wa kiwanda aliingia wakati huo huo, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kaka yangu akamwendea na birika, akammiminia maji, na yule bwana akanawa huku macho yake yanazunguka juu ya sahani za watu. Yakatua kwenye firigisi. Hakuuliza swali hata moja. Akacheka, akasema, "Kumbe ndiye huyu," akampa kijana wa jirani mkono ambao bado ulikuwa unadondoka maji. Maji ya kaka yangu.

Hakuna mtu aliyesema uongo. Hakuna aliyeiba. Ndiyo maana sijapata wa kumkasirikia. Kijana wa jirani alienda kiwandani, akajenga nyumba ya mabati, na mpira wenyewe kule alicheza misimu michache tu. Kaka yangu alikata miwa hadi mgongo ukapinda kama panga lenyewe. Tulimzika mwaka jana. Yule wa jirani, mzee sasa, alishika kipaza sauti akasema marehemu alikuwa mtu mzuri na walicheza pamoja zamani. Akaketi. Nilingoja aseme lingine. Akaitisha chai.

Ule uwanja siku hizi umepandwa miwa. Sufuria ya nyanya ilitoboka, tukaifanya ya kuku kunywea maji. Firigisi zinauzwa kwa kilo mjini Kakamega, zimekaangwa na vitunguu, wasichana wanakula wakitembea. Nilidhani hiyo desturi imekufa, na sikuililia.

Kumbe Jumamosi mwalimu alikuwa ameisikia mahali, ikampendeza. Mezani, kabla ya chakula, alisoma majina ya watakaoenda michezo ya kaunti. La mjukuu wangu halikuwemo. Mjukuu wangu hakufunga muhula huu wote, ni kweli. Lakini nimeenda kuwaona mara nne. Mtoto anakimbia mpaka soksi zinashuka, anarudi kukaba, mpira wa goli karibu kila mara umepitia kwake. Nikamwambia mwalimu hivyo, kwa upole ninaoujua mimi.

Akanijibu kwa jina wajukuu wanaloniita nyanya yao, "Kukhu, mshambuliaji ni magoli. Kukimbia, hata ng'ombe hukimbia."

"Na shamba lako linalimwa na nani, mwalimu? Si ng'ombe huyo huyo?"

Wasichana wakacheka, na yeye akacheka, lakini karatasi ya majina aliikunja akairudisha mfukoni. Kisha akasema tufanye kama zamani: mimi, mwenye mji, nimbebee mfungaji bora firigisi yake. Wote wakapiga makofi. Nikatazama mlangoni. Mjukuu wangu alikuwa hapo na birika, anawanawisha wenzake mikono.

Nikasema, "Mimi firigisi sibebi. Anayeitaka aje aichukue mwenyewe kwa sufuria."

Mjukuu wangu akanisogelea, akaninong'oneza, "Kukhu, mpelekee tu. Tunachelewa." Sauti ile ile ya kaka yangu, bila hasira ndani yake, na hiyo ndiyo inaniua. Mwalimu hakukasirika. Aliinuka akaenda kwa sufuria, akaitafuta kwa mwiko, akampelekea mfungaji yeye mwenyewe. Msichana wa watu akala, na alikuwa na njaa, ningemlaumu kwa nini? Majina yalibaki yale yale. Jumatatu gari la shule litapita barabarani hapa chini, na mjukuu wangu atakuwa kwenye mahindi na mimi, anapalilia haraka haraka kama kawaida yake, ananiacha nyuma mistari miwili.

Wakati wa kuaga mwalimu alinishika mkono kwa mikono yote miwili, mtu wa adabu. Akasema wakirudi na kombe watakuja tena hapa, na safari hiyo nisiwaangushe.

Nikamwambia, "Mimi firigisi sibebi. Anayeitaka aje aichukue mwenyewe kwa sufuria."